Hesabu ya Ree Mbili

Anayekuja kwenye poka akiwa amekulia kwenye arubastini huja na imani moja: karata kubwa ni kubwa. Katika michezo yetu ya turufu cheo cha karata kina nguvu ya sheria. Ree, yaani A, ya turufu hakuna karata inayoila. Ukishapewa, kilichobaki ni kuamua uishushe lini. Mchezaji wa namna hiyo, awe wa Kibingo kule Kyerwa au wa Kariakoo, akipewa ree mbili kwenye poka hujiona ameshakula. Halafu jirani yake aliyeshika 7 na 4 anapata 7 nyingine mbili mezani, anazoa kitita chote, na mwenye ree anarusha karata zake akilalamika kwamba mchezo huu ni bahati nasibu tu.

Bahati ipo, tena ina sehemu kubwa kuliko alivyozoea. Lakini hesabu nayo ipo, na makala haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo. Nataka kumweleza karata nzuri za mwanzo zinampa nini hasa, na kwa nini kwenye meza ya dau dogo, ambako kila mtu anafuata, ree mbili hushindwa mara nyingi sana na bado ndizo zinazolipa kuliko karata nyingine zote.

Kwanza tukubaliane kuhusu mchezo wenyewe. Nazungumzia poka ya Texas. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha hufuata mzunguko wa kuweka dau. Zinafunuliwa tatu mezani, ambazo ni za wote, na dau linazunguka tena. Inafunuliwa ya nne, dau. Ya tano, dau la mwisho. Waliobaki wanaonyesha walichonacho, na mwenye mkono bora wa karata tano, kati ya zile saba anazoweza kuzitumia, anachukua kitita. Mwaka 2007 Bunge la Texas lilitambua rasmi kwamba mchezo huu ulizaliwa katika mji mdogo wa Robstown mwanzoni mwa karne ya 20. Ulichukua muda mrefu kusambaa. California, ambako kumbi za karata ni nyingi, uliruhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1980 tu.

Unaoonekana kwenye televisheni ni ule usio na kikomo, ambao mtu anaweza kusukuma mbele kila alichonacho kwa neno moja. Ulipata umaarufu mkubwa baada ya mwaka 2003, mhasibu Mmarekani aitwaye Chris Moneymaker alipotwaa dola milioni 2.5 kwenye World Series of Poker kule Las Vegas. Poka ya kikomo ni ya kimyakimya zaidi. Dau limepangwa tangu mwanzo. Katika makala haya nitatumia maharage, kwa sababu Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hayakosekani, na kwa sababu ya kisheria nitakayoieleza mbele. Mizunguko miwili ya kwanza dau ni punje 2. Miwili ya mwisho ni punje 4. Huwezi kuweka 3, huwezi kuweka 50. Anayetaka kupandisha anaongeza kiasi kilekile cha mzunguko huo, na kwa desturi mzunguko mmoja hauruhusu zaidi ya dau moja na nyongeza tatu.

Kanuni hiyo moja inabadilisha kila kitu. Kwenye mchezo usio na kikomo, mwenye ree mbili anaweza kuweka dau zito hadi wenzake watimke. Kwenye mchezo wa kikomo humfukuzi mtu kwa punje 2. Na meza ikiwa ya dau dogo, watu hawakuja kutupa karata. Wamekuja kucheza, kupiga soga na kuona za mezani zitasemaje. Kwa hiyo utapandisha dau kwa karata zako nzuri, na watu watano watakufuata kwa furaha. Hapo ndipo mwanafunzi wetu, yule wa arubastini, anapochanganyikiwa.

Tuzitazame hizo karata nzuri zenyewe. Karata 52 zinatoa jozi 1,326 tofauti za kuanzia. Ree mbili zinapatikana kwa njia 6 tu, yaani mara moja kila mikono 221. Jozi yoyote, kuanzia 2 mbili hadi A mbili, huja mara moja kila mikono 17. A na K pamoja huja kwa njia 16. Ukiweka kwenye kundi moja A-A, K-K, Q-Q, J-J na A-K, mikono ambayo karibu kila mwalimu wa mchezo huu huiita ya daraja la kwanza, unapata njia 40 kati ya 1,326. Ni mara moja kila mikono 33. Meza yenye mgawaji wa kazi hiyo hupitisha mikono kama 30 kwa saa, kwa hiyo karata za daraja la kwanza utaziona takribani mara moja kwa saa, na ree mbili mara moja kwa saa saba hivi. Wengi hawana subira hiyo. Baada ya nusu saa ya kutupa, Q na 8 zinaanza kuonekana nzuri, na hilo ndilo tundu la kwanza la mfuko.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua A mbili, mpinzani mmoja tu mwenye karata zozote zile, na mfunue zote tano bila mtu kutupa. A zinashinda takribani mara 85 kati ya 100. Wapinzani wakiwa wawili, 73. Watatu, 64. Wanne, 56. Watano, 49. Meza ikijaa, wapinzani tisa wote wakabaki hadi mwisho, zinashinda mara 31 tu kati ya 100. Maana yake ni kwamba mkono bora kuliko yote katika mchezo, ukiwa mbele ya watu tisa wasiotupa, unashindwa mara mbili katika kila mara tatu.

Mwanafunzi wetu akisikia hayo anasema: basi ningependa mpinzani awe mmoja. Asubiri kidogo, ahesabu punje badala ya ushindi.

Akiwa na mpinzani mmoja, kila punje 2 anazoongeza zinafuatwa na punje 2 za mwenzake. Kitita kimekua kwa 4, na sehemu yake katika hizo ni asilimia 85, yaani punje 3.4. Ametoa 2, amejiongezea 1.4. Akiwa na wapinzani watano, punje zake 2 zinafuatwa na 10. Kitita kimekua kwa 12. Sehemu yake ni asilimia 49, karibu punje 5.9. Ametoa 2, amejiongezea 3.9. Wakiwa tisa, kitita kinakua kwa 20, sehemu yake inakaribia 6.2, na faida ni 4.2. Anashinda mara chache zaidi, anapata zaidi. Katika meza ya watu kumi haki ya kila mmoja ni asilimia 10. Mwenye ree mbili ana asilimia 31. Ana zaidi ya mara tatu ya haki yake, na kila punje inayoingia kabla karata hazijafunuliwa inagawanywa kwa upendeleo huo.

Lazima niweke tahadhari. Takwimu hizi zinachukulia kwamba wapinzani wameshika karata zozote na hakuna anayetupa njiani. Watu halisi hutupa takataka mapema, na wakikosa kitu mezani wanaondoka wakiwa wamelipa kidogo, ilhali wewe mwenye A mbili ni vigumu kuziacha. Faida halisi ni ndogo kuliko hiyo ya karatasi. Mwelekeo wake haubadiliki.

Hapa ndipo inapovunjika hoja inayosikika kwenye kila meza ya dau dogo: "Kupandisha kuna faida gani, wakati hawakimbii?" Anayesema hivyo anadhani kazi ya kupandisha ni kufukuza. Ukiwa na karata zilizo mbele ya wenzako, kazi ya kwanza ya kupandisha ni kuwatoza. Wakikimbia, sawa. Wasipokimbia, vizuri zaidi. Watu wa Kagera wana neno linalofaa hapa: butura. Ni ile biashara iliyopigwa marufuku na bado haiishi, mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anasubiri mavuno. Mwenye ree mbili anayefuata tu bila kupandisha, kwa kuogopa kwamba huenda zikashindwa, ameuza butura. Mavuno yanaweza kuharibika kweli. Mara nyingine mvua inakatika. Lakini bei aliyoikubali ni ya hofu, na wanaofaidi tofauti ni wale watano walioona karata tatu za mezani kwa nusu ya gharama waliyostahili kulipa.

Hili si wazo langu peke yangu, wala si la jana. Lee Jones aliliandika kwa wachezaji wa dau dogo mwaka 1994, na mwaka 2004 Ed Miller, David Sklansky na Mason Malmuth walilichambua kwa kirefu katika kitabu chao kuhusu meza hizohizo. Mwaka 2015 ukaja ushahidi wa aina nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba poka ya kikomo ya watu wawili imetatuliwa kwa kiwango ambacho binadamu hawezi kukigundulia udhaifu hata akicheza maisha yake yote. Programu yao inaitwa Cepheus. Ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake kwenye maelfu ya vichakataji kwa zaidi ya miezi miwili. Moja ya tabia zake ni hii: inapokuwa ya kwanza kuamua, ama inapandisha ama inatupa. Kufuata tu karibu haifanyi kabisa. Meza ya watu kumi bado haijatatuliwa na mtu, na siwezi kudai kwamba kanuni ya watu wawili inahama jinsi ilivyo. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mashine isiyojua hofu wala tamaa iliona kuingia kwa kufuata tu hakuna maana.

Karata tatu zikishafunuliwa, shida inabadilika sura, na hapa wachezaji wazuri wa mwanzo wengi hupotezea walichovuna.

Chukua K mbili. Ni mkono wa pili kwa ubora, na uwezekano wa A kutokea kati ya karata tatu za kwanza ni karibu asilimia 23. Q mbili zinakutana na A au K mara 41 kati ya 100. J mbili zinakutana na kubwa yao mara 57, yaani zaidi ya nusu. Sasa fikiria una K mbili, wapinzani watano, na A imetua mezani. Hata kama hao watano wangekuwa wameshika karata bila kuchagua, uwezekano kwamba angalau mmoja ana A unapita kidogo asilimia 50. Na watu wa meza ndogo huchagua: karata wasiyoitupa kamwe ni A, hata ikiambatana na 3. Kwa hiyo mtu akiweka dau, mwingine akapandisha, na zamu ikakufikia ukiwa na K zako mbili, zitupe. Zilikuwa nzuri dakika mbili zilizopita. Punje ulizoweka kabla ya karata kufunuliwa uliziweka kwa haki. Hazikudai uziongezee nyingine.

Dhidi ya mpinzani mmoja ningeshauri vingine. Mmoja anaweza kuwa anatishia tu, na kwa punje 4 za mwisho mara nyingi inalipa kumwomba aonyeshe, kwa sababu kitita kimeshakuwa kikubwa kuliko gharama ya kuuliza. Kutishiana kwenye meza ya kikomo yenye watu wengi hakuna tija, na ukiona mtu mpole amepandisha dau kwenye karata ya nne, mwamini.

A na K ni mkono mwingine unaoeleweka vibaya. Kwa macho ni mkono wa kifalme, lakini kwa hesabu bado hauna kitu: hauna jozi, una matumaini. Karata tatu za kwanza zitakupa A au K nyingine takribani mara moja katika kila mara tatu. Mara mbili nyingine utakuwa umekosa. Hata hivyo, dhidi ya wapinzani watano A na K za aina moja, kwa mfano zote za kopa, zinashinda kama mara 31 kati ya 100, na haki ya kila mtu kwenye meza ya watu sita ni 17. Zipandishie dau kwa sababu ileile ya sehemu inayozidi haki yako. Kosa ni kuzipenda baada ya kukosa.

Na kuhusu hilo la aina moja, nina ugomvi wa siku nyingi na wachezaji wenzangu. Mtu anashika 9 na 3, anakuambia "lakini zote ni kopa". Karata mbili za aina moja zinakamilisha tano za aina hiyo kwenye tatu za kwanza mara moja katika 119, na hadi ya tano inapofunuliwa ni karibu mara 6 kati ya 100. Tofauti ya A na K za aina moja na A na K za aina mbalimbali, mbele ya wapinzani watano, ni asilimia 3 tu: 31 dhidi ya 28. Kopa inaongeza chumvi kwenye chakula kilichopo. Kwa 9 na 3 hakuna chakula.

Sasa nimtetee yule jirani wa 7 na 4, kwa sababu hata yeye wakati mwingine ana haki, na mwenye ree asipoelewa hilo ataendelea kukasirika bure. Tuseme watu sita wameingia, kila mmoja ameweka punje 4 kabla ya karata kufunuliwa. Kitita ni 24. Karata tatu zimefunuliwa, na jirani anahitaji karata ya namba moja mahususi ili kukamilisha mfululizo wa tano. Zimebaki nne za namba hiyo kati ya 47 asizoziona. Uwezekano wa kuipata kwenye karata inayofuata ni 4 dhidi ya 43, yaani anakosa karibu mara 11 kwa kila mara moja anayopata. Wewe mwenye ree unaweka punje 2. Kitita sasa ni 26, na yeye anatakiwa kulipa 2: anapewa 13 kwa 1. Analipa, na anafanya sawasawa kabisa. Dau lako la punje 2 mbele ya kitita cha 24 halikumzuia mtu, na kumwita mpumbavu anapoipata ni kutojua hesabu.

Lakini tuseme aliye kabla yako ndiye aliyeweka punje 2, na wewe ukapandisha hadi 4. Kitita ni 24, na 2, na 4: jumla 30. Jirani aliye baada yako anatakiwa kulipa 4 kwa mara moja. Anapewa 7 na nusu kwa 1, na anahitaji karibu 11. Akifuata sasa anakulipa wewe. Punje ni zilezile, karata ni zilezile; kilichobadilika ni nani aliweka kwanza na nani alikuwa katikati. Ndiyo maana wachezaji hodari wa kikomo wakati mwingine hupita bila kuweka dau wakiwa na mkono mzuri, ikiwa wanajua kwamba aliye mwishoni mwa mzunguko ataweka, ili wapandishe dau na kuwabana wote walio katikati kwa mara mbili. Hii ndiyo sehemu ya mchezo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayofanana na bao: huwezi kumkataza mtu asicheze, unaweza tu kupanga kete ili kila njia aliyonayo iwe ya hasara.

Jozi ndogo, 2 mbili hadi 6 mbili, sina mengi ya kusema juu yake. Zinapata mwenzao wa tatu kwenye karata tatu za kwanza mara 12 kati ya 100. Watu wakiwa wengi na dau halijapanda, ingia. Umekosa, tupa.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vya Marekani huyataja mwishoni na mimi naona yangekuwa mwanzoni. La kwanza ni makato. Kasino hukata sehemu ya kila kitita, na kwenye dau dogo makato hayo ni makubwa kulinganisha na faida iliyopo. Tumeona kwamba faida ya mkono bora kuliko yote ni punje kadhaa, na mkono huo huja mara moja kwa saa saba. Nyumba ikichukua punje 2 katika kila kitita cha punje 40, kwa mikono 30 kwa saa, inaondoka na punje 60 kila saa kutoka meza ileile. Kwenye meza nyingi za dau dogo hakuna mshindi wa muda mrefu zaidi ya mwenye meza. La pili ni mtikisiko. Kwa hesabu ya watu watano, mwenye ree mbili atashindwa mara 51 kati ya 100, na hakuna kinachozuia mara sita za kwanza zote ziwe za kushindwa. Desturi ya wachezaji wa kikomo wa Marekani ni kuwa na akiba ya madau makubwa 300 kabla ya kukaa mezani, fedha ambayo hata ikiisha hakuna ada ya shule inayokosekana. Kwa dau letu hiyo ni punje 1,200. Kwa hela za kahawa, ambazo chama cha ushirika kinalipa kwa msimu na zinatakiwa kufika hadi msimu mwingine, akiba ya namna hiyo haipo, na asiyekuwa nayo hachezi poka ya hesabu; anacheza ya kubahatisha, awe amesoma makala haya au hajasoma.

Na sheria iko hivi. Tanzania, michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Anayeendesha meza ya fedha bila leseni ana kosa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Uganda, sheria yao ya mwaka 2016 imeweka miaka 25. Kijana wa Kyerwa mwenye miaka 22 ni mtu mzima wa kamari akiwa Murongo, na akivuka Mto Kagera hadi Kikagati anakuwa mtoto tena. Sina tatizo na sheria hii wala ile, ila nashangaa kwamba mto ule unaweza kutenganisha maoni makubwa hivyo kuhusu lini akili hupevuka. Maharage, upande wowote, hayahitaji leseni.

Kwa hiyo msomaji, usiniamini kwa maneno. Tafuta karata kamili, ondoa majoka. Weka A mbili wazi mbele yako, changanya 50 zilizobaki, gawa mbilimbili kwa watu watano, funua tano mezani, uandike nani ameshinda. Rudia mara 50; na wanafunzi wa kidato cha tatu wakisaidia mtamaliza jioni moja, na watakuwa wamefanya zoezi zuri la uwezekano. Ree zako zikishinda kati ya mara 18 na 31, mambo ni ya kawaida. Zikishinda chini ya mara 15, kabla ya kunitumia lawama, changanya karata vizuri zaidi na urudie.